Fundi Anajibu: Rangi Inabambuka ku Mashini Yangu ya Mvuke

Wasomaji wangu, jambo sana. Barua za mara hii karibu zote zinaongea kitu kimoja, hizi mashini ndogo za mvuke, modeli za kuweka ku meza, zenye boila kidogo na silinda kidogo na gurudumu la volani linalozunguka hadi watoto wa jirani wanakuja kujaa ku mlango. Sikujua kama tuko wengi hivi Lubumbashi wenye kuzipenda. Lakini pia nishangae nini, huu mji umezaliwa na shaba na reli, treni ya kwanza ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea upande wa Rhodesia ya zamani, ikivutwa na mvuke, na mji wenyewe ulianza mwaka huohuo. Basi ukurasa wote wa leo naupa mashini za mvuke, na zaidi ya yote rangi, juu ndipo wengi mnaumia.

Papa fundi, jambo yenu. Mimi ni kijana wa Katuba. Nimetengeneza mashini ya mvuke kwa mikono yangu, boila ni ya shaba nyekundu, silinda ya letoni, ile shaba ya njano, volani ya fonti, chuma cha kumimina. Nilipaka rangi ya kijani ile ya kopo, ya mafuta, ikakauka ikawa nzuri kabisa, siku 3 kila mtu anaisifu. Siku ya kuwasha moto nikaona ku letoni inavimba malengelenge, nikagusa na ukucha ikatoka kama ganda la ndizi. Nimerudia mara 2 na ni ileile. Hii rangi wananiuzisha ni ya bandia ao?

Mwanangu, rangi yako haina kosa, kosa liko chini yake. Fanya hivi kwanza, chukua lile ganda lililobambuka, lipindue, utazame mgongo wake ku mwanga wa jua. Kama mgongo unang'aa laini kama kioo, maana yake rangi haikushika ile letoni hata siku moja, ilikuwa imelala juu yake tu kama shuka ku kitanda. Kama mgongo uko na unga wa kijani ao madoa meusi, maana yake kuna kitu kilibaki chini kinakula chuma, na mara nyingi ni dawa ya kulehemu ambayo haukuosha vizuri. Magonjwa ni 2, na wengi wako nayo yote 2 pamoja.

Shaba na letoni hazipendi rangi. Chuma cha kawaida ukikisugua kinabaki na vikwaruzo vya kukamata rangi, na hata kutu ukiipinga mapema haina shida kubwa, lakini letoni ni laini, imebanwa, inateleza, halafu inaanza kubadilika uso ndani ya masaa tu ukishaisugua. Alama ya kidole chako peke yake, lile jasho na mafuta ya ngozi, inatosha kuacha picha ya kidole chini ya rangi, na baada ya miezi utaiona inatokea juu, yenye weusi.

Kwa hiyo anza hivi. Boila yako uliilehemu na sudire ya fedha, si ndiyo? Ile borakisi, dawa ya kulehemu, ikipoa inakuwa kama kioo, inakamata ku pembe na huioni. Iloweke mu maji ya moto kwanza ilegee. Kisha andaa asidi sitriki, ile ya unga wanayotumia ku chakula, gramu 100 kwa litre moja ya maji ya uvuguvugu, mu ndoo ya plastiki, uache shaba ndani hata nusu saa ao zaidi, itatoka yenye rangi ya waridi, safi. Kama huna ile ya unga, ndimu inafanya kazi ileile juu asidi yake ni hiyohiyo, tu ni pole na utahitaji nyingi. Angalia kitu kimoja: usiingize koleo ya chuma ndani ya hiyo maji ikiisha kula shaba, juu utatoa koleo yenye kupakwa shaba, na shaba ingine itaenda kukaa ku sehemu zako za chuma kama uliziweka pamoja. Tumia mti ao plastiki.

Kisha suuza, suuza, suuza. Sugua na msasa nambari 320 ao 400, kwa mizunguko midogo, hadi ung'aavu wote umekufa na uso umekuwa kama kijivu cha njano. Ndiyo, najua inauma moyo kuua ung'aavu wa letoni uliyoichonga siku 5, lakini pale unataka rangi, ung'aavu ni adui. Osha na sabuni ya vyombo na brashi ya meno ya zamani, maji ya moto. Halafu sasa kuna jaribio moja ambalo mimi sijawahi kuliruka tangu mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha: mwaga maji safi juu ya ile sehemu, uinamishe, utazame. Kama maji yanatandaa yote kama ngozi moja nyembamba, hayakatiki, uso ni safi. Kama yanakusanyika kuwa matone matone, ao kuna mahali yanakimbia yanaacha duara kavu, pale pangali mafuta, rudi ku sabuni. Hakuna kujidanganya. Hilo jaribio halimalizi dakika moja na lingekuokolea kopo zote 3 ulizopoteza.

Na tafadhali usioshe na esansi ya gari. Najua kila mtu anafanya hivyo, juu iko karibu, lakini esansi ikikauka inaacha mafuta yake, na mvuke wake unawaka hata kwa moto ulio mbali na wewe. Tumia asetoni ao diluani safi, ile ya kupunguza rangi, na kitambaa kipya, si kile cha jana.

Ikishakauka, usiiguse tena na mikono mitupu, vaa glavu ao ishike na waya kwa tundu, na siku hiyohiyo, si kesho, weka rangi ya kwanza yenye asidi ndani. Wenye kupaka magari ku garaji wanaijua, ukiwaambia woshi-praima watakuelewa. Ile inang'ata letoni, inang'ata shaba, na aluminiamu pia. Inawekwa nyembamba kabisa, kiasi kwamba bado unaona rangi ya chuma inatokea chini yake, hapo ndipo wengi wanakosea wanajaza kama rangi ya mwisho na yenyewe inakuwa udhaifu. Na usiweke mastiki, ile ya kujaza matundu, moja kwa moja juu yake, asidi inazuia mastiki kukomaa. Kwanza apre ya kawaida, ile rangi ya chini, kisha mastiki, kisha apre tena, ndipo kijani chako.

Volani ya fonti nayo iko na tabia yake. Fonti ni kama mkate, iko na matundu madogo na imekunywa mafuta ya kuchonga. Unaiosha nje inaonekana safi, unapaka, kesho mafuta yanapanda. Ipashe moto pole pole, iache itoe jasho la mafuta, pangusa na diluani ikishapoa, rudia hata mara 3 hadi kitambaa kinatoka cheupe. Matundu makubwa ya kumimina yajaze na mastiki baada ya apre. Ukiharakisha fonti, itakuaibisha mbele ya wageni.

Mzee fundi, mimi ni mama wa Kampemba, mume wangu alikuwa na ile mashini ya Uingereza ya kuweka ku meza, sasa mtoto wangu wa miaka 14 ndiye anaishughulikia. Anataka kupaka boila na bomba la moshi nyeusi. Nauliza ni rangi gani haitaungua, na kama inakubali aikaushe mu furu yangu ya jikoni?

Mama yangu, aksanti kwa kuandika, na mpongeze huyo mtoto. Tutenganishe mambo, juu moto si mmoja ku mashini yote.

Maji hapa kwetu, tukiwa ku urefu wa karibu metre 1,200 juu ya bahari, yanachemka ku digri 96 hivi, lakini yakifungwa ndani ya boila moto unapanda na presha. Ukiwa na bari 2 ku manometa, kile kipimo cha presha, mvuke uko karibu digri 130. Bari 3, unapita 140. Kwa hiyo mwili wa boila na silinda hauendi mbali sana, rangi ya mashini za gari, ile ya kupaka bloku la motere, inavumilia hapo bila shida. Rangi ya mafuta ya kawaida ya mlango na dirisha itaanza kugeuka njano na kulegea, msimpe hiyo.

Pahali moto unapiga moja kwa moja ni ingine kabisa, nyumba ya moto, chini ya boila, bomba la moshi. Pale mnatafuta rangi ya jiko ao ya eksozi ya pikipiki, wanaandika digri 600 ku kopo. Nyingi ya hizo haziitaji apre chini, zinashika chuma chenyewe kilichosuguliwa, na apre ya kawaida mkiiweka ndiyo itaungua na kuangusha ile nzuri iliyo juu. Na zinakuwa ngumu tu zikipita mu moto. Kabla ya moto, ukikwaruza na ukucha inatoka, watu wanasema rangi mbaya, kumbe bado mbichi. Kopo linaandika jinsi ya kupandisha moto kwa hatua, fuateni hiyo.

Sasa furu. Mama, hapa nisikie vizuri, juu hii ilinipata mimi mwenyewe. Nilikuwa na boila ndogo niliyonunua kwa mtu, sikuuliza imelehemiwa na nini, nikapaka bomba lake la moshi vizuri sana, nikatia mu furu, nikaweka digri 220 kama kopo lilivyosema. Dakika 20 baadaye nikafungua, bomba limelala ku bega la boila, kofia ya chini imetoka, na matone ya risasi yanang'aa chini ya furu kama machozi. Ilikuwa imelehemiwa na bati. Ile sudire ya bati na risasi inayeyuka kuanzia digri 183. Ile ya fedha haiyeyuki kabla ya 600 na zaidi. Nililia ile boila, ilikuwa na mkono wa mtu aliyejua kazi, na sikuweza kuirudisha kama ilivyokuwa.

Basi mtoto atazame ku maungio. Kama kuna mstari wa kijivu cheupe, laini, ukucha ao kisu kinaingia kwa urahisi, hiyo ni bati, isipite mu furu yenye digri za juu hata kidogo. Kama maungio ni ya njano nyeupe na magumu, hiyo ni fedha. Na mashini nyingi za dukani za kuchezea, boila ni ya letoni na kuna sehemu zimelehemiwa na bati, kwa hiyo mwenye wasiwasi aikaushe kwa joto la jua ku paa la mabati. Na furu ya chakula ni ya chakula, mama. Moshi wa rangi ikikomaa hautakiwi kukaa pale mnapopika mkate. Mkipata furu ya zamani iliyokufa nusu, ya nje, hiyo ndiyo.

Swali ambalo haukuuliza lakini nitalijibu: boila inapakwa kweli? Mashini kubwa za zamani, boila ilivalishwa, nguo ya kuzuia joto, kisha mbao nyembamba ao bati ya chuma, na mikanda ya letoni juu. Mtoto akiikatia vipande vya mbao vya milimita 3, akazifunga na mikanda 2 ao 3 ya letoni, joto litabaki ndani, maji yatachemka mapema, na itakuwa nzuri kuliko rangi yoyote ile nyeusi. Mimi ningefanya hivyo, bomba peke yake ndilo ningelipaka.

Fundi, ni brashi ao bombi, ile kopo ya kupuliza? Kompresa niko nayo lakini umeme unakatika saa yoyote. Na hii mvua ya Lubumbashi, kila nikipaka inakuwa nyeupe nyeupe kama kuna maziwa ndani. — Msomaji wa Ruashi

Ndugu yangu, yale maziwa ni maji. Rangi zenye diluani ya kukauka haraka, diluani ikiruka inapoza uso, unyevu wa hewa unashuka pale kama umande ku majani, unafungwa ndani. Mwezi wa kwanza na wa pili hapa, saa kumi jioni mvua ikitaka kunyesha, usifungue kopo. Paka asubuhi saa nne ao saa tano wakati jua limekausha hewa, na pasha kile chuma kidogo kwanza, hadi kiwe na joto kama la mkono wa mtu mwenye homa, digri 40 hivi. Bombi yenyewe iweke mu maji ya uvuguvugu dakika 10, si ya moto, uvuguvugu, na rangi itatoka laini.

Kiangazi nacho kiko na adui yake, vumbi. Mwezi wa tisa ile vumbi nyekundu inaingia hata mu sanduku lililofungwa. Mwagia maji chini, sakafu ya atelye na hata nje ya mlango, kisha ngoja robo saa, ndipo upake, na funika na karatoni mara moja ukimaliza. Kwangu mimi mwezi wa tano na wa sita ndiyo miezi ya kupaka, mvua imekwisha, vumbi bado halijawa kali.

Kuhusu brashi ao bombi, watu wanadharau brashi na wanakosea. Mashini nyingi za modeli zenye kusifiwa zimepakwa na brashi. Brashi nzuri, ya manyoya laini, yenye ncha, rangi umeipunguza kidogo na diluani yake hadi inateremka ku brashi kama maziwa mazito, unaweka, unavuta mara moja ao mara 2, unaacha. Kurudi rudi ndiyo kunaleta mistari, rangi iko na akili yake ya kujilaza ukiiacha. Bombi iko vizuri kwa volani yenye miguu na kwa sehemu zenye pembe nyingi. Ishike sentimita 20 hadi 25 mbali, anza kupuliza kabla ya kufika ku chuma na uache ukishapita, tabaka nyembamba, ngoja dakika 10 ao 15, geuza, ingine. Tatu nyembamba zinashinda moja nene siku zote, ile nene itatiririka na utalia nayo.

Umeme ukikatika katikati ya kompresa, usingoje na pistole ya kupulizia imejaa rangi. Mwaga, osha, malizia kesho.

Na nikiongea na wewe hivi naona mbele yangu ile picha ya mtu anayekausha rangi juu ya mbabula, jiko la makaa. Nawaomba wote mnaosoma, hapana. Makaa yanaonekana yamelala, hayana ndimi, lakini mvuke wa diluani unatembea chini chini sakafuni kama maji yasiyoonekana, unafika ku mbabula, na moto unarudi kwako kwa njia ileile. Nimeona nyusi na mikono ya kijana mmoja jirani baada ya hiyo. Pakia nje, kaushia pahali hakuna moto, na vaa maski. Na zile rangi za magari zenye kuchanganywa na dawa ya kugandisha ku chupa ya pili, waachieni wenye vyumba na vifaa vya kupumua hewa safi, zina sumu ya mapafu ambayo maski ya kitambaa haizuii.

Sehemu gani hazipakwi? — Kutoka Likasi

Kila pahali chuma kinateleza ku chuma. Fimbo ya pistoni, njia zake, shimo za mhimili, uso wa valvu, meno ya bolti. Bandika skochi ya karatasi, jaza shimo na bolti ya zamani iliyopakwa vaselini. Sehemu inapokalia ingine, mfano chini ya silinda, pia acha bila rangi, juu rangi ya milimita sehemu ya kumi tu inaweza kupindisha mstari wa pistoni. Supapi ya usalama usiiguse na rangi kamwe, tone moja likiifunga, presha haina pa kutokea. Na mdomo wa volani, ule unaokaza mkanda, ung'arishe uuache wazi, na fimbo za bieli, zile zinazounganisha pistoni na mhimili, vilevile. Ukiona kijani kizito kati ya chuma cheupe na letoni ya njano, hapo ndipo mashini inakuwa mashini.

Papa, nilipaka rangi nyekundu ya mafuta, nikangoja siku 2, nikaona haing'ai, nikapuliza juu yake rangi ya garaji ya kukauka haraka. Palepale ikajikunja kama ngozi ya mzee. Nimekosa wapi? — Msomaji wa Bukavu

Diluani ya nitro ya ile ya garaji ni kali, iliingia mu rangi ya mafuta ambayo bado ilikuwa laini ndani, ikaivimbisha. Ya mafuta juu ya ya nitro iliyokauka, inakubali. Ya nitro juu ya ya mafuta, haikubali, hata baada ya wiki usiiamini. Sasa hapo hakuna dawa ya juu, toa zote hadi chuma, anza tena. Na siku ingine, kabla ya kuweka rangi 2 ambazo haujui, jaribu ku kopo tupu la maziwa, lala nalo usiku mmoja.

Mukubwa, shikamoo. Babu yangu alikuwa mtu wa kutia makaa ku treni za mvuke, alikuwa bado kijana. Alituachia modeli ya injini ya kusimama, nzito, fonti tupu, na chini imeandikwa Stuart. Rangi yake ya zamani imepasuka, kuna machungwa machungwa chini. Nataka kuifanya kama mpya kwa ukumbusho wake. Nisugue na msasa? — Msomaji wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara 3.

Kwanza, usisugue. Ile machungwa chini ya rangi ya zamani inaweza kuwa miniumu, rangi ya risasi, walikuwa wanaitumia sana kuzuia kutu. Ukiisugua ikiwa kavu unavuta unga wa risasi, na watoto wa nyumba wanaucheza sakafuni. Kama lazima itoke, tumia dawa ya kulainisha rangi, kwangua ikiwa na maji, pangusa, na zile takataka zifunge mu plastiki, zisiende ku bustani ya mboga. Osha mikono kabla ya kula, na nguo za kazi usizichanganye na za nyumba.

Lakini kabla ya hiyo yote, keti nayo mchana mmoja. Kampuni ya Stuart Turner ilianza Uingereza mwaka 1906, mwaka uleule zilianzishwa kampuni ya shaba ya Union Minière na kampuni ya reli ya BCK huku kwetu, na walikuwa wanauzisha mashini kama vipande vibichi vya kumimina, mwenye kununua anachonga mwenyewe. Ile ndogo inayojulikana sana, nambari 10, tundu la silinda yake ni robo tatu ya inchi, karibu milimita 19. Maana yake hiyo mashini iko na mkono wa mtu. Inawezekana ni wa babu yako, inawezekana ni wa mwingine aliyempa. Tazama chini ya msingi, nyuma ya silinda, ndani ya miguu ya volani, pale ambapo jua na mafuta havijafika, utakuta rangi ya kwanza ingali hai. Piga picha. Ukiamua kupaka upya, linganisha na hiyo, usilinganishe na kopo lenye kuvutia ku duka la kenkayeri.

Na kama rangi ya zamani bado imeshika ku sehemu kubwa, maoni yangu ni usiitoe. Osha na sabuni laini na maji kidogo, kausha, mafuta mepesi ku vyuma vilivyo wazi, na ziba tu pale kutu imeanza. Mashini iliyopakwa upya inang'aa kwa wageni, lakini ile mikwaruzo ku mdomo wa volani, pale babu alikuwa anasukuma na kidole gumba ianze kuzunguka, ukiitoa haurudishi. Mimi ningeacha pale palivyo. Mashini ni yako, utaamua wewe, na ukiamua kupaka niandikie, nitakuongoza hatua kwa hatua.

Fundi, nimemaliza kila kitu, rangi imekauka tangu jana. Naweza kuwasha leo? — Msomaji wa Kolwezi

Hapana ndugu, ngoja. Kavu ya kugusa si kavu ya kazi. Rangi ya mafuta inakauka juu kwa siku moja lakini ndani inaendelea wiki 2 na zaidi, ukiiwashia moto leo mvuke wa diluani unaotoka utainua malengelenge, na utaniandikia kama yule wa Katuba. Ipe wiki 2, 3 kama mvua inanyesha. Ukitaka kujua, bonyeza ukucha pahali pasipoonekana, kama alama inabaki, bado.

Siku ukiwasha, moto mdogo kwanza, iache ipate joto hadi mkono hauvumilii, zima, ipoe kabisa. Mara ya pili ndiyo uipandishe presha. Alkoli ya kuwashia imimine mbali na mashini, si juu yake, juu tone likianguka ku rangi changa linaiyeyusha palepale. Likianguka, usisugue, gusa tu na kitambaa kikavu kinyonye, uache. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni mapema, si mbali ku meza ingine.